UZI: Programu nayo ibishe hodi (arifa za kompyuta zisizomkata mtu kazi)

#1 Mwanzisha uzi, Amu

Assalaamu alaykum wanajamvi, na wakubwa shikamooni.

Natengeneza programu za kompyuta za mezani kwa maduka na ofisi ndogo hapa Amu (Lamu). Ni zile zinazofunguliwa asubuhi zikabaki wazi mpaka jioni, karani akiandika humo mauzo, mizigo iliyoshuka jahazini, na madeni. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliandika dakika ya mwisho, programu ikiwa imeshakwisha: arifa. Vidirisha vinavyoibuka, milio, viduara vyekundu vyenye namba, na yale maswali ya ghafla yanayomsimamia mtu mbele katikati ya kazi.

Nitaanza na kosa langu.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi upande wa Langoni linalotumia programu yangu. Karani wake ni dada mmoja mwenye vidole vyepesi ajabu. Haangalii skrini. Macho yako kwenye karatasi ya mteja, vidole viko kibodini: idadi, Enta, bei, Enta, kitu kingine. Mimi nilikuwa nimeweka kidirisha kinachotokea kila mwisho wa mwezi: "Rekodi za zamani zimejaa. Zihamishwe sasa?" Kitufe cha "Ndiyo" kilikuwa kimeshachaguliwa, kinangoja Enta tu.

Siku hiyo dada alikuwa anaandika misumari. Akaandika 12, akagonga Enta. Katikati ya ile 2 na ile Enta, kidirisha kikatokea. Enta haikwenda kwenye misumari, ikaenda kwenye "Ndiyo". Programu ikaanza kuhamisha rekodi, skrini ikaganda. Mteja amesimama, nje punda ameshapakiwa nusu ya saruji, mwenye punda anauliza kuna nini. Dada akanipigia: "Kaka, mimi sikuona kitu. Kilitokea kikapotea."

Rekodi hazikupotea, usiku ule nilizirudisha. Lakini maneno yake hayakunitoka. Niliuliza swali, likajibiwa na mtu ambaye hakulisoma. Na kwenye kumbukumbu za programu imeandikwa waziwazi kwamba mtumiaji amekubali. Hakukubali. Vidole vyake vilikuwa safarini, mimi nikaviwekea mlango njiani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwa namna moja tu, nayo ndiyo nataka kuileta hapa.

Sisi tumekulia katika nyumba zinazojua kumpokea mgeni. Nyumba ya mawe ya Amu ina daka mlangoni, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na baraza huku na huku. Mgeni haingii moja kwa moja. Anasimama dakani, anabisha hodi. Mwenye jambo dogo hulimaliza pale pale barazani akenda zake. Mwenye jambo kubwa zaidi huitwa mpaka kiwandani, yaani uani. Wa karibu hufika msana, ukumbi unaofuata ua. Na kule ndani kabisa ni kwa watu wa nyumba. Chuoni, yaani madrasa, tulifunzwa tukiwa wadogo: hodi mara tatu, usipoitikiwa rudi, wala usione vibaya. Mwenye nyumba hana deni la kukueleza kwa nini hakufungua.

Kidirisha changu hakikubisha hodi. Kiliruka daka, kikapita kiwanda, kikaenda kusimama ndani mbele ya mtu aliyekuwa na shughuli zake, kikamshika mkono.

Kwa hiyo kila arifa ninayoiandika sasa naiuliza kwanza: wewe haja yako ni ya wapi? Ya dakani, ya kiwandani, au ya ndani? Na kipimo changu ni kimoja. Mtu huyu akijua habari hii sasa hivi badala ya kuijua baada ya saa moja, atafanya nini tofauti? Kama hakuna atakachofanya tofauti, habari hiyo haina ruhusa ya kumgeuza shingo. Ikae mahali ambapo ataiona mwenyewe atakapoinua macho.

Hili la kuona ukiinua macho si jipya. Mwaka 1995 Mark Weiser na John Seely Brown wa maabara ya Xerox PARC kule California waliandika kuhusu teknolojia tulivu, inayokaa pembeni mwa fikra za mtu na kuja katikati pale tu inapohitajika. Mfano wao mmoja ulikuwa kamba ya plastiki yenye urefu wa futi 8, kazi ya msanii Natalie Jeremijenko, imening'inia darini kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi. Data zikipita kidogo, kamba inatikisika kidogo. Zikipita nyingi, inazunguka kwa kasi na kuvuma. Hakuna aliyekatizwa kazi, na kila aliyepita alijua hali ya mtandao.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ngazi za gati letu. Nahodha wa mashua ya Pate anayengoja maji ya mlango wa bahari wa Mkanda yajae hapigiwi kengele na mtu. Anatazama ngazi ngapi zimebaki juu ya maji, anaendelea na kahawa yake. Ngazi hazimwambii chochote, na anajua kila kitu.

Basi katika programu yangu nimeweka ukanda mwembamba chini ya dirisha, na humo kuna mambo matatu: risiti zinazosubiri printa, saa ya nakala rudufu ya mwisho, na kama kompyuta ya dukani inaonana na ile ya ghalani. Hauruki wala haulii. Zamani mambo yote matatu yalikuwa vidirisha.

Nisiandike sana kwa mara moja. Wenzangu mnaonaje?

#2 Mchangiaji, Malindi

Alaykum salaam. Hoja nzuri lakini ngoja nikupe upande wa pili. Mimi niko mapokezi katika hoteli huku kwetu, na pia ndiye ninayeangalia kompyuta zote. Bosi wangu anataka kila kitu kilie. Mgeni akiweka nafasi, ilie. Malipo yakiingia, ilie. Chumba kikisafishwa, ilie. Anasema programu isiyolia ni programu iliyolala. Ukimwambia habari ya ukanda mwembamba chini ya dirisha atakwambia hakuna mfanyakazi atakayeutazama. Na kusema kweli, wengine hawatautazama.

#3 Mwanzisha uzi, Amu

Ndugu yangu, bosi wako ana haki ya kuogopa, na mimi siwezi kumpuuza. Analoogopa ni kwamba jambo litapita bila mtu kujua. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa anayoichagua ndiyo inayomuumiza.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Pale dukani Langoni chini ya meza kuna UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima ikipotea. Betri yake ilikuwa imechoka, ikawa inalia kila mara, hata stima ikiwepo. Pii, pii, pii. Siku za mwanzo watu walishtuka, wiki ya pili waliizoea, mwezi wa pili hakuna aliyeisikia tena. Nilikaa pale nusu saa, nikauliza, "Hii inalia nini?" Dada akaniuliza, "Ipi?" Alikuwa haisikii kweli. Stima ilipopotea jioni moja, UPS ililia kama ilivyolia siku zote, na kompyuta ikazima na mauzo ya saa nzima hayajahifadhiwa. Mlio ulikuwa sahihi siku hiyo. Ila ulikuwa umeshawafundisha watu kutousikia.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Watu waliacha kazi zao wakasikiliza kwa sababu mgambo haukupigwa kila saa. Na ukienda makumbusho pale ukingoni utaiona siwa ya shaba ya Amu, lile baragumu kubwa. Chombo kile hakikupulizwa kwa kila anayepita. Kilikuwa na siku zake na watu wake, ndiyo maana sauti yake ilikuwa na uzito.

Kwa wakubwa wanaodhani kelele nyingi ni usalama mwingi, mfano wake ni kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Hitilafu ilipoanza, ndani ya dakika chache ving'ora na taa za tahadhari zaidi ya 100 ziliwaka chumba cha udhibiti. Printa iliyokuwa ikiandika orodha ya tahadhari ililemewa, ikawa inachapisha mambo yaliyokwisha kupita zamani. Waliokuwa zamu walikuwa watu waliofunzwa. Habari waliyoihitaji ilikuwa humo humo, imefunikwa na wenzake.

Sasa hoteli yako. Hapo mimi naona kuna watu wawili wanaochanganywa. Bosi anataka KUJUA, mfanyakazi anatakiwa KUFANYA. Nafasi mpya ikiwekwa kwa ajili ya mwezi ujao, wewe uliye mapokezi na mgeni mbele yako huna la kufanya sasa hivi. Bosi ndiye anayetaka kujua, na yeye anatosheka na muhtasari mmoja jioni. Lakini mgeni wa leo akibadilisha saa ya kufika na boti au gari la kumpokea limeshaondoka, hiyo ni haja ya sasa, ilie, na imlilie mtu mmoja anayehusika na si kila kompyuta ya hoteli.

Fanya hivi. Kaa siku moja na daftari. Kila arifa ikitokea, andika aliyeiona na alichofanya baada ya kuiona. Mimi nilifanya hivyo dukani. Kabla ya adhuhuri daftari lilikuwa na mistari 37, na palipoandikwa "alifanya nini", karibu kote niliandika neno moja: "aliifunga". Mpelekee bosi wako daftari hilo. Usibishane naye, mwache asome.

#4 Mchangiaji, Malindi

Samahani naingilia. Mimi sioni. Natumia kompyuta kwa NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti. Nafanya kazi ya kuandika na kukagua hesabu.

Nyinyi mnazungumza habari ya kona ya skrini na ukanda wa chini. Kwangu mimi hakuna kona. Kuna sauti moja, na kila kitu kinapita humo. Nikiwa nasikiliza "elfu kumi na nne mia tatu na hamsini", arifa ikatokea, sauti inakatika kwenye "elfu kumi na nne", naambiwa kuna sasisho jipya, kisha kimya. Lazima nirudi mwanzo wa mstari. Anayeona anaweza kulipuuza jambo kwa kulitazama pembeni. Mimi siwezi kulisikia pembeni.

Halafu kuna upande wa pili wake. Vile vidirisha vinavyotoweka baada ya sekunde chache, mara nyingi sauti haijafika hata katikati ya sentensi. Nikitafuta kilichosemwa, hakipo popote.

#5 Mwanzisha uzi, Amu

Ndugu, hujaingilia, umefungua mlango ambao mimi nilikuwa nimeufunga bila kujua. Ahsante sana. Jana usiku nilipakua NVDA, nikazima skrini, nikafanya kazi na programu yangu kwa masikio tu. Ule ukanda wangu niliousifia hapo juu haukusomwa hata mara moja. Kwako wewe ulikuwa haupo.

Wanajamvi mnaotengeneza programu, lisomeni la ndugu yetu mara mbili. Kuna namna mbili za kumsemesha mtu anayesikiliza. Ya kwanza ni kungoja amalize sentensi yake ndipo useme. Ya pili ni kumkata kauli. Mifumo yenyewe inatupa njia zote mbili. Kwa wanaotengeneza kwa teknolojia ya tovuti ndani ya programu ya mezani, sehemu ya kutangazia inaandikwa ama "polite", yaani ngoja zamu yako, ama "assertive", yaani kata. Mimi nimegundua kwamba nilikuwa nimeweka ya pili kila mahali, kwa sababu nilipokuwa najaribu nilitaka nisikie haraka kama inafanya kazi. Tabia yangu ya majaribio ikawa adhabu ya mtu mwingine.

Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, una kifungu kizima, 4.1.3, kuhusu ujumbe wa hali: uweze kutangazwa bila kumhamisha mtu alipo. Nilikuwa naujua kwa jina tu.

Na hilo la kutoweka ni kweli kwa wote. Windows kwa kawaida huiacha arifa skrinini kwa sekunde 5. Mtumiaji anaweza kuongeza hadi dakika 5 kwenye mipangilio ya ufikivu, ila ni wangapi wanajua? Msomaji wa pole pole, mtu aliyeinama kuokota kalamu, mzee anayetafuta miwani, wote arifa imewapita. Kwa hiyo kila kinachotoweka lazima kiwe kimeacha salamu mahali. Mgeni aliyebisha hodi akakosa mtu humwachia jirani ujumbe. Nimeongeza ukurasa mmoja, "Yaliyopita", wenye kila arifa na saa yake, na unafunguliwa kwa kitufe kimoja cha kibodi. Ukanda nao sasa unasomeka, kwa kubonyeza, pale mtu anapotaka mwenyewe.

Ukipata nafasi nitakutumia programu uijaribu, na ujira wa muda wako nitaulipa.

#6 Mchangiaji, mwanafunzi

Naomba kuuliza wakubwa. Mimi ndio naanza, natumia Linux. Hivi haya mambo ya daka na kiwanda yanaandikwa vipi kwenye msimbo? Au kila mtu anajitengenezea vidirisha vyake?

#7 Mwanzisha uzi, Amu

Usijitengenezee, mdogo wangu. Hilo ndilo la kwanza. Ukijitengenezea kidirisha chako, mtu akiwasha hali ya "usinisumbue" kwenye kompyuta yake, wewe hutasikia. Umepita dirishani wakati mlango umefungwa.

Tumia arifa za mfumo endeshi. Zamani kwenye Mac watu hawakuwa na njia ya pamoja, kila programu na lake, mpaka ilipokuja programu iitwayo Growl mwaka 2004 ikawa mahali pamoja pa kupitishia arifa zote, na mtumiaji anachagua mwenyewe ipi ilie na ipi inyamaze. Apple walileta kituo chao cha arifa kwenye Mac mwaka 2012, na Growl ikafungwa mwaka 2020. Kazi yake ilikuwa imeshaingia ndani ya mfumo.

Kwenye Linux kuna maelezo ya pamoja ya freedesktop.org, mradi unaoandika kanuni za pamoja za programu za mezani. Kila arifa unaipa daraja la uzito: 0 ni ndogo, 1 ya kawaida, 2 ya hatari. Ile ya hatari maelezo yanasema isitoweke yenyewe, ingoje mtu aiondoe. Sasa shika hili: daraja hilo ni amana. Hakuna askari wa kukuzuia usiandike 2 kwenye kila kitu. Ukiandika 2 kwa ajili ya "toleo jipya limepatikana", umekula amana, na siku diski itakapojaa 2 yako haitakuwa na thamani.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kuna nafasi ya kutaja namba ya arifa ya zamani ili mpya ichukue mahali pake. Jina lake ni `replaces_id`. Ukiwa unapokea faili 20 kutoka ghalani, usitoe arifa 20. Toa moja, inayojibadilisha: 3 kati ya 20, 11 kati ya 20, zimeingia zote. Mwisho iache.

Ubuntu, mfumo mmoja wa jamii ya Linux, mwaka 2009, toleo la 9.04, walijaribu kitu ambacho mimi nakipenda mpaka leo ingawa wengi walikilalamikia. Arifa zao hazikuwa na kitufe chochote. Ukisogeza kipanya juu yake, inafifia, na ukibonyeza unabonyeza kilichoko nyuma yake. Yaani hata ikija mahali pabaya haikuzuii ndia (njia). Walipoondoa vitufe waliwanyima watu njia ya kujibu, hapo naona walizidisha. Lakini wazo la kwamba arifa impishe mtu, si mtu aipishe arifa, hilo ni la kuiga.

Na la kunyang'anya kishale, yaani dirisha kujirukisha mbele na kuchukua kibodi mtu akiwa anaandika kwingine. Tangu enzi za Windows 98 na Windows 2000, Microsoft wameizuia programu ya nyuma kujirukisha mbele wakati mtu anatumia nyingine. Inachoweza ni kumulika kitufe chake kwenye upau wa chini. Lakini kidirisha cha programu ile ile unayoitumia hakizuiliwi, na ndicho kilichompata dada wa Langoni. Hapo mlinzi ni wewe mwandishi, hakuna mwingine. Kidirisha kisipokee kibodi mpaka mtu akiguse. Na kitufe cha hatari kisiwe ndicho kinachongoja Enta.

Bora zaidi, usiulize. Badala ya "Una uhakika unataka kufuta?", futa, kisha weka "Imefutwa. Tendua" kwa muda wa kutosha. Mtu aliyeulizwa "una uhakika" mara mia hujibu ndiyo kabla hajasoma. Mtu aliyepewa nafasi ya kurudisha hurudisha pale tu alipokosea kweli.

#8 Mchangiaji, Malindi

Mimi ni mwalimu mstaafu, si mtu wa msimbo. Naongeza moja tu, kuhusu maneno. Kwenye kompyuta ya ofisi yetu ya kikundi huwa linatokea: "Hitilafu isiyojulikana imetokea. Tafadhali wasiliana na msimamizi wa mfumo." Msimamizi wa mfumo ni mimi! Na mimi nawasiliana na nani? Naona mnazungumza sana wakati na mahali pa kusema. Je, kusema chenyewe?

#9 Mwanzisha uzi, Amu

Mwalimu, shikamoo. Hapa ndipo ningependa tukae sana, kwa sababu ndipo tunapowaangusha watu wetu kuliko popote. Arifa nyingi za Kiswahili tunazoziona zimehamishwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na zinasomeka kama barua ya serikali kuu. "Operesheni imefanikiwa kukamilishwa." Nani anasema hivyo barazani? Tunasema "imekwisha", tunasema "tayari".

Wapagazi na wenye punda wa Amu wana neno moja: simile. Ndia zetu ni nyembamba, punda na magunia mawili haachi nafasi ya mtu. Mwenye punda akipaza "simile!" unajua papo hapo kuna mzigo unakuja na wewe sogea ukutani. Hakuambii jina lake, wala mzigo ni wa nani, wala hakuombi radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Akishapita, amepita. Hakuna atakayekufuata mpaka nyumbani kukwambia kwamba punda alipita salama.

Mimi nimechukua lile neno "hitilafu" nikaliondoa kwenye programu yangu yote. Kila mahali palipokuwa nalo nilijilazimisha kuandika kilichotokea na cha kufanya. Palipoandikwa "Hitilafu ya printa" sasa pameandikwa: "Printa haina karatasi. Risiti 3 zinangoja." Palipoandikwa "Muunganisho umeshindikana" pameandikwa: "Ghala haipatikani tangu saa nne na robo. Endelea kuuza, hesabu zitakwenda zenyewe ikirudi." Sentensi hiyo ya pili, "endelea kuuza", ndiyo iliyomfurahisha dada wa dukani kuliko kitu chochote nilichowahi kumtengenezea. Zamani akiona muunganisho umekatika alikuwa anasimama, anangoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuendelea.

Na saa niliiandika kwa Kiswahili. Saa nne na robo, si 10:15. Mwenye duka ndiye aliyeomba. Alisema akisoma 10:15 lazima aigeuze kichwani kwanza, na wakati wa pilika hapendi kugeuza.

Neno "tafadhali" nimelibakiza mahali pale tu ambapo kweli naomba kitu. Likiwa kila mahali linakuwa kelele nalo.

#10 Mchangiaji wa #2, Malindi

Nimerudi. Nilikaa na daftari juzi, siku nzima. Sitasema idadi maana bosi anapita humu. Nilimwonyesha. Alisoma kurasa mbili za mwanzo, akanyamaza, akauliza ile ya vyumba kusafishwa inamsaidia nani. Nikamwambia mapokezi tunaitazama tunapompa mgeni ufunguo, hapo tu. Tumeizima mlio, sasa chumba kinageuka rangi kwenye orodha na kinaandikwa "tayari" pembeni, maana mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku hazitofautishi kijani na nyekundu. Ya malipo amekataa kuizima. Anasema hiyo anataka aisikie kwa masikio yake.

#11 Mwanzisha uzi, Amu

Mwache aisikie. Nyumba ni yake, yeye ndiye wa kusema nani aingie mpaka wapi. Ila ilie kwenye kompyuta yake, isilie mapokezi.

Na umefanya vyema kuweka neno pamoja na rangi. Hilo nalo watu wengi hulisahau.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ruhusa ya kuingia, nitoe moja ninayoiona kila siku. Programu inafunguliwa mara ya kwanza, mtu hajajua hata ni ya nini, inamuuliza: "Ruhusu arifa?" Vivinjari vya tovuti vilifika mahali pabaya kwa desturi hiyo. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walipopima mwaka 2019 waliona takriban 99% ya maombi hayo hayakukubaliwa, na kuanzia Firefox 72, Januari 2020, ombi likawa halimrukii mtu tena mpaka awe amegusa kitu kwenye ukurasa mwenyewe. Sisi wa programu za mezani tusingoje kufikishwa hapo. Ngoja mtu afanye jambo linalohitaji arifa. Akituma ripoti ndefu inayochukua dakika kumi, hapo muulize: "Nikwambie ikiwa tayari?" Atajibu kwa sababu anajua anachojibu.

Jana nilipita Langoni. Dada alikuwa anaandika, vidole mbio vilevile, macho kwenye karatasi. Ghala ilikuwa imekatika tangu asubuhi, nikaona maneno yametulia pale chini kwenye ukanda. Nikamuuliza kama anajua. Akasema, "Najua, niliona nilipokuwa nakunywa chai," akageuza karatasi, akaendelea. Mwenye duka bado anataka kidirisha cha kumkumbusha madeni kila Ijumaa. Nimemuomba iwe Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua, na iwe orodha moja tu. Anafikiria.

Ndugu wa #4, nimekutumia ujumbe wa faragha. Toleo jipya liko tayari, nangoja masikio yako.